Marehemu mmoja, mali nchi tatu: Muislamu aandike wasia angali hai

SIFA zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (SW), ambaye ardhi na vyote vilivyomo vitarejea kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, zamani suala la mirathi lilipofikishwa kwa masheikh lilikuwa na sura moja. Marehemu ameacha nyumba, shamba la minazi na mbuzi wachache. Warithi wote wanakaa mji mmoja na wote wanasali msikiti mmoja. Wazee wanaitwa, hesabu inapigwa, kila mtu anaondoka na fungu lake na dua inasomwa.

Leo sura hiyo imebadilika. Wapo ndugu zetu waliotoka Unguja na Pemba wakaishia Oman baada ya mwaka 1964, wapo waliokwenda Ghuba kutafuta kazi, wapo waliosoma Uingereza wakabaki huko, na wapo walioingia Marekani na Kanada kama wakimbizi, leo wana nyumba na biashara. Mtu mmoja anaweza kufariki Leicester, akawa na nyumba Tanga na akiba benki ya Maskati, mama yake mzazi yu hai Pangani na watoto wake wana pasi za nchi tofauti. Ndipo simu zinapoanza kupigwa: "Sheikh, tugawe vipi?"

Upande wa mafungu, jibu si gumu. Mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu hayabadiliki kwa kuvuka bahari. Ugumu uko kwingine. Mali iliyoko katika nchi fulani haitoki benki wala haihamishwi jina mpaka mahakama ya nchi hiyo iseme neno lake, na mahakama hiyo itafuata sheria yake. Kama marehemu hakuacha maandishi yanayokubalika huko, sheikh anaweza kupiga hesabu iliyo sahihi kabisa, nayo ikabaki hesabu ya kwenye karatasi. Kwa hiyo kwa Muislamu mwenye mali katika nchi zaidi ya moja, kuandika wasia ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba amri ya Mola wake inatekelezwa baada yake.

Umbali hauondoi haki

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameweka msingi kwamba wanaume wana sehemu katika wanayoyaacha wazazi na jamaa, na wanawake wana sehemu vilevile, mali ikiwa chache au nyingi. Aya za 11, 12 na 176 za sura hiyo hiyo zikabainisha mafungu. Kisha aya ya 13 na 14 zikaeleza kuwa hiyo ni mipaka ya Mwenyezi Mungu, na kwamba anayeivuka amejiweka katika hatari ya adhabu.

Wanazuoni wametaja vizuizi vya mirathi vinavyojulikana: utumwa, kumuua unayemrithi, na tofauti ya dini. Kati ya Waislamu, kukaa nchi mbalimbali si kizuizi. Binti aliyeolewa Toronto ana fungu lile lile la dada yake aliyebaki Mombasa. Hata mrithi ambaye hajulikani aliko, anayeitwa mafqud katika fiqhi, fungu lake huwekwa kando mpaka habari zake zithibitike.

Kwa upande wa pili, aliyebaki nyumbani akamuuguza mzee kwa miaka hapati fungu kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Malipo yake yako kwa Mola wake. Na aliyeko ughaibuni hapati fungu kubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa akituma fedha kila mwezi. Kama mmoja wao alikopesha, hilo ni deni, na deni linataka ushahidi.

Tukumbuke kisa cha mke wa Sa'd bin Rabi' (RA), kilichopokewa na Jabir bin Abdillah na kuandikwa na Abu Dawud na Tirmidhi. Sa'd aliuawa shahidi katika vita vya Uhud akaacha mabinti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote. Mama wa mabinti akaenda kwa Mtume (SAW) kulalamika kwamba wasichana wasio na kitu hawataolewa. Ikateremka aya ya mirathi, na Mtume (SAW) akamwamuru ami yao awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, naye achukue kilichobaki. Dhuluma ya ami wa Madina ndiyo dhuluma ya leo ya ami aliyekalia funguo za nyumba, akijua kuwa watoto wa marehemu wako mbali na hawajui hata mlango wa mahakama.

Utaratibu kabla ya kugawa

Kabla ya warithi kupata chochote, mali ya marehemu hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya kilichobaki. Baada ya hapo ndipo mafungu yanapogawiwa.

Juu ya maziko, tuseme neno moja linalowahusu walio mbali. Sunna ni kuharakisha kuzika, na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi'i hawakupendelea maiti asafirishwe mji mwingine, na wapo walioharamisha. Familia ikiamua kumrudisha marehemu nyumbani kwa ndege, gharama hiyo kubwa isichotwe katika mali ya mayatima. Waibebe watu wazima waliotaka hivyo, kwa ridhaa yao.

Juu ya madeni, mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni. Mkopo wa nyumba ni deni. Zaka zilizolimbikizwa, kwa kauli ya wanazuoni wengi, nazo hutolewa. Mtu mwenye madeni katika nchi tatu asipoyaandika, nani atayajua? Imepokewa kwa Tirmidhi kwamba roho ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe.

Kila nchi ina mlango wake

Turudi kwa marehemu wa Leicester, tumchukue kuwa mfano. Ameacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Nyumba na akiba yake ya Uingereza, baada ya madeni, ni paundi 300,000. Hakuandika wasia.

Kwa sharia, mke anapata thumuni, yaani paundi 37,500. Mama anapata sudusi, paundi 50,000. Zinabaki 212,500, ambazo ni za watoto kwa kanuni ya mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kijana 106,250 na kila binti 53,125.

Kwa sheria ya England na Wales, aliyekufa bila wasia akaacha mke na watoto, mke huchukua vitu vya matumizi binafsi na paundi 322,000 za mwanzo, kiwango kilichowekwa Julai 2023. Kinachozidi hapo, nusu ni ya mke na nusu ya watoto kwa usawa. Kwa kuwa mali ya ndugu yetu haifiki kiwango hicho, yote ni ya mke. Watoto hawapati kitu, na mama aliyeko Pangani, ambaye Qur'ani imemtaja kwa fungu lake, hatambuliwi hata kidogo.

Tuongeze jambo moja. Ikiwa ndoa yao ilifungwa huko huko Uingereza kwa nikaha tu, bila kusajiliwa serikalini, basi mbele ya sheria hiyo mwanamke huyo si mke. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huko ilithibitisha kwamba nikaha ya namna hiyo haileti ndoa ya kisheria. Hapo mali itakwenda kwa watoto peke yao, na mjane atalazimika kudai mahakamani ili apewe cha kujikimu. Hivyo mke wa halali mbele ya Mola wake anaweza kukosa thumuni yake kwa sababu ya karatasi moja tu.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inampa mtu uhuru wa kuandika wasia apendavyo. Muislamu anaweza kuelekeza mali yake igawiwe kwa mafungu ya Qur'ani, na mahakama ikautekeleza wasia huo. Kinachobaki ni haki ya mke, watoto au wategemezi kwenda mahakamani, kwa sheria ya mwaka 1975, wakiona hawakuachiwa cha kuwatosha. Kuna pia kodi ya mirathi ya asilimia 40 kwa kinachozidi paundi 325,000, ingawa kinachokwenda kwa mke kwa kawaida husamehewa na nyumba ya kuishi inayoachiwa watoto ina nafuu yake. Tangu Aprili 2025, aliyekaa huko miaka 10 katika 20 iliyopita anaweza kutozwa kodi hiyo hata kwa mali aliyonayo nje. Mwenye nyumba Dar es Salaam na London asipuuze jambo hili.

Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark na Ireland, waliofariki kuanzia tarehe 17 Agosti 2015 hufuatwa sheria ya nchi waliyokuwa wakiishi, ila kama waliandika kwamba wanachagua sheria ya nchi ya uraia wao. Anayeishi Ujerumani na bado ni raia wa Kenya ana nafasi ya kuchagua, akinyamaza, amechaguliwa. Marekani nayo kila jimbo lina sheria yake, hivyo aliyehama kutoka Ohio kwenda Texas aupitie tena wasia wake.

Huku kwetu mambo ni mepesi zaidi, lakini si mepesi kama wengi wanavyodhani. Zanzibar mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia ugawaji. Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilirekebishwa mwaka 1990 ili ugawaji wa mali za Waislamu ufuate sharia ya Kiislamu, na Katiba ya 2010 imezitambua Mahakama za Kadhi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kupeleka shauri huko. Oman ina sheria ya hali za kibinafsi ya mwaka 1997 inayofuata fiqhi katika mirathi, lakini benki ya Maskati haitatoa hata baisa moja bila uthibitisho wa mahakama juu ya nani ni warithi, na hati kutoka Afrika Mashariki zitahitaji tafsiri ya Kiarabu na mihuri ya uthibitisho.

Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Lakini mahakama hutazama maisha ya marehemu na kauli zake ili kujua ifuate sharia ya Kiislamu au mila ya kabila lake. Wajomba na ami wamewahi kusimama mahakamani kudai mila, hata pale marehemu alipokuwa mtu wa msikitini. Maneno machache ya maandishi, kwamba mimi ni Muislamu na mirathi yangu igawiwe kwa sharia ya Kiislamu, yanafunga mlango huo.

Jingine la Bara ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Utaratibu wa hadhi maalumu kwa waliochukua uraia wa nje umeanza kuwekwa, na kila anayehusika amuulize wakili umefikia wapi. Kwa sharia, binti mwenye pasi ya Uingereza hapotezi haki yake katika nyumba ya baba. Asipoweza kuandikwa kwenye hati, nyumba iuzwe agawiwe, au wenzake wamlipe thamani ya fungu lake. Kumwambia "wewe si raia, huna chako" ni kutumia sheria ya nchi kuidhulumu sharia ya Mungu. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2010, na asiye raia anaweza kupangishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

Mali zinazopita pembeni ya wasia

Wapo walioandika wasia mzuri, kisha sehemu kubwa ya mali yao ikapita pembeni. Nyumba iliyosajiliwa kwa majina ya watu wawili kwa umiliki wa pamoja, katika sheria za Kiingereza, mmoja akifa hubaki yote kwa mwenzake, wasia useme usemavyo. Upo umiliki mwingine wa mafungu maalumu, ambapo kila mmoja ana sehemu yake inayorithiwa. Wakili anaweza kubadili kutoka ule kwenda huu. Na kama mke alichangia fedha zake katika nyumba, sehemu yake ni mali yake na wala haiingizwi katika mirathi ya mume. Iandikwe wazi, asije akapewa thumuni ya kitu ambacho nusu yake ni yake tayari.

Bima ya maisha na akiba za uzeeni za Marekani na kwingineko hulipwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Mtu alijaza jina la kaka yake alipokuwa kijana hajaoa, akasahau, akafa na watoto wanne. Fedha zinakwenda kwa kaka. Kaka mwenye kumcha Mungu atazirejesha ikiwa ni akiba ya marehemu mwenyewe, kwa kuwa jina la kwenye fomu halibadilishi mafungu. Lakini kwa nini tuwaache ndugu zetu katika mtihani huo? Fomu ipitiwe kila anapozaliwa mtoto au ndoa inapofungwa au kuvunjika.

Na iko nyumba iliyojengwa kwa jina la ndugu. Mtu yuko Dubai, anatuma fedha, kaka ananunua kiwanja Mbagala kwa jina lake kaka ili kurahisisha mambo. Kaka akifa kwanza, wajane na watoto wake wataihesabu nyumba hiyo kuwa ya baba yao, nao wana hati. Aliyetuma fedha akifa kwanza, watoto wake watakuta kiwanja ni cha ami. Mwenyezi Mungu katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ameamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Basi kaka na atoe tamko la kiapo mbele ya wakili kwamba yeye ameshika amana, na stakabadhi za fedha zitunzwe.

Vilevile hati ya uwakilishi aliyopewa ndugu ili asimamie mali hufa pamoja na aliyeitoa, kwa fiqhi na kwa sheria. Anayeendelea kuuza viwanja au kuchota fedha kwa kadi ya benki ya marehemu anachukua mali ya watu, na huenda humo mna mali ya yatima. Aya ya 10 ya Sura An-Nisaa imeeleza kwamba anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anajaza moto tumboni mwake.

Mirathi iliyolala

Familia nyingi zina nyumba ya babu ambayo haijagawiwa. Wanaosubiri wanasema "tusubiri walioko nje warudi." Wakati wa kusubiri warithi nao wanakufa, na kila anayekufa fungu lake linavunjika kwa warithi wake. Wanazuoni wanaita hesabu hii munasakhat.

Angalia mfano. Mzee amefariki ameacha mke, vijana wawili na binti mmoja. Nyumba inagawika mafungu 40: mke 5, kila kijana 14, binti 7. Hawakugawa. Kijana mmoja akafariki Maskati akaacha mama yake, mke, mtoto wa kiume na wa kike. Sasa nyumba ile ile inahitaji mafungu 1,440: mama 264, kijana aliyebaki 504, dada yake 252, mjane wa Maskati 63, na wajukuu 238 na 119. Warithi wanne wamekuwa sita katika nchi mbili, na hicho ni kifo kimoja tu. Baada ya vifo vitano au sita hakuna anayewajua warithi wote, hakuna anayekarabati, na paa linaanguka juu ya haki za watu. Warithi wakikubaliana wanaweza kubaki washirika, lakini kila mmoja aandikiwe fungu lake na kodi ya nyumba igawiwe kwa mafungu hayo.

Wasia uweje?

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Umar (RA) mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale usiku mara mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Ibn Umar akasema kwamba tangu alipoyasikia maneno hayo haukumpita usiku ila wasia wake alikuwa nao. Wala hakuwa na mali katika mabara matatu.

Wapo wanaouliza: je, Mtume (SAW) hakukataza wasia kwa mrithi? Ndiyo, alikataza kumwongezea mrithi juu ya fungu lake, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Lakini kuandika kwamba mali yangu igawiwe kwa mafungu ya sharia si kumwongezea mtu. Ni kuelekeza amri ya Mungu itekelezwe.

Hatua zake ni hizi:

Kwanza, andika orodha ya mali na madeni, nchi kwa nchi: namba ya hati, benki, bima, akiba ya uzeeni, unachodai na unachodaiwa, pamoja na amana za watu zilizoko kwako.

Pili, pata wakili katika kila nchi yenye mali ya maana, na wasia wa kila nchi utaje kuwa unahusu mali ya nchi hiyo tu. Mawakili wengi huanza wasia kwa sentensi ya kufuta wasia zote za nyuma. Sentensi hiyo ikiandikwa London bila uangalifu inaweza kuufuta wasia ulioandika Mombasa.

Tatu, usitaje majina na asilimia kana kwamba unajua nani atakuwa hai siku utakayokufa. Elekeza ugawaji ufuate sharia kwa warithi watakaokuwepo, na utaje ni kadhi au mwanachuoni wa namna gani atakayetoa hesabu, kwa sababu hakimu asiyejua fiqhi hatazipiga hesabu hizo mwenyewe.

Nne, weka sahihi mbele ya mashahidi wawili watu wazima, wote wakiwapo pamoja, wasiokuwa warithi wala wake au waume wa warithi. Kwa sheria ya Uingereza shahidi aliyeachiwa kitu katika wasia hukikosa. Na ukioa au kuolewa huko baada ya kuandika, wasia wa mwanzo kwa kawaida hubatilika, andika upya.

Tano, teua msimamizi mwaminifu katika kila nchi, na mlezi wa watoto wadogo. Msimamizi ajue kwamba hakurithishwa. Katika Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania anatakiwa kuleta taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Kwa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, hati ya usimamizi iliyotolewa nchi moja inaweza kupelekwa mahakama ya nchi nyingine ikagongwa muhuri bila kuanza upya. Uingereza ina sheria hiyo tangu 1892. Oman haimo katika utaratibu huo.

Sita, wasia uwekwe mahali panapojulikana. Tanzania Bara, RITA hupokea na kutunza wasia. Mwambie mtu wawili ulipo. Wasia uliofichwa ukafichika ni sawa na usioandikwa.

Theluthi ni ya nani?

Mtume (SAW) alipomzuia Sa'd bin Abi Waqqas (RA) asiusie mali yake yote, alimruhusu theluthi, akasema nayo ni nyingi, na akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Theluthi hiyo ni mlango wa rehema kwa wasiorithi. Mke Mkristo aliyezaa na Muislamu huko Ulaya hamrithi mumewe, lakini anaweza kuusiwa. Vivyo hivyo wazazi wasiosilimu, mtoto wa kulea, na wajukuu waliofiwa na baba yao ambao ami zao wamewazuia katika mirathi. Misri iliwawekea wajukuu wa namna hiyo wasia wa lazima kwa sheria ya mwaka 1946. Kwetu sisi ni hiari, na babu mwenye huruma asiwasahau.

Hiba nayo inaruhusiwa, kwa masharti mawili: kitu kikabidhiwe kweli kweli mtoaji angali mzima, na watoto wafanyiwe uadilifu, kama alivyofundisha Mtume (SAW) katika kisa cha Nu'man bin Bashir. Kumwandikia kijana mmoja nyumba zote ili mabinti walioolewa ng'ambo wasipate kitu ni kukimbia mipaka ya Mungu kwa kalamu.

Ndugu Waislamu, mama aliyeko Pangani hana uwezo wa kumweka wakili Leicester. Yatima aliyeko Maskati hajui kiwanja cha baba yake kiko wapi. Haki zao zimo katika kalamu ya mtu ambaye leo bado anapumua. Baada ya sala ya Ijumaa hii, kila mwenye mali zaidi ya nchi moja akae na mkewe, au na mumewe, waanze orodha. Sheikh atasaidia hesabu, wakili atasaidia maandishi, lakini nia na sahihi ni yako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tufe hali ya kuwa hatumdhulumu mtu, atuwezeshe kulipa madeni yetu, awahifadhi mayatima na wajane wetu popote walipo, na azirehemu roho za waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.